Uradi wa Sahlan na Jiwe la Mkewe

Wametusimulia waliotutangulia kwamba viungani mwa mji wa Kufa aliishi mja mmoja, Sahlan, aliyependa kujitenga akimdhukuru Mola wake. Pendo jema, hatulipingi. Ila fikra ya dunia ikimpitia tu katikati ya uradi, huufuta wote akaanza upya. Na fikra, mnazijua, hazibishi hodi. Adhuhuri humkuta palepale mwanzoni, kakunja uso kama mtu aliyeibiwa.

Mkewe, Rumaila, alisagia watu ngano kwa jiwe la mkono, na ujira wake ndio mkate wa wanawe. Siku moja Sahlan akatoka amefura.

"Mama Luay! Jiwe lako linaniharibia ibada. Usisage mpaka nimalize."

"Utamaliza lini, Baba Luay? Jana hukumaliza. Au watoto nao niwaambie njaa yao ianze upya?"

"Subiri! Subira ni imani."

Subhanallah! Aliyeishiwa na subira ndiye anayeiamrisha.

Rumaila akanyamaza, jiwe likanyamaza, watoto wakashinda na maji. Ndipo akajitanda ushungi akamwendea Sheikh Abu Midlaj, mwalimu wa mumewe. Sheikh akaja, akaketi ubavuni mwa Sahlan, akamwomba Rumaila asage.

"Unafanya nini sasa, mwanangu?"

"Nalifukuza jiwe moyoni, sheikh wangu."

"Limeondoka?"

"Limezidi."

"Basi saa hii unamdhukuru nani?"

Sahlan angeweza kudanganya. Ndevu za kuaminiwa alikuwa nazo. Akainamisha kichwa. "Nalidhukuru jiwe, sheikh. Tangu asubuhi."

"Liache lisage. Lisikie, usilishike, usiligombeze. Moyo ukitoroka, urudishe kwa upole, uendelee pale ulipofika."

"Na ukitoroka tena?"

"Utaurudisha tena. Nani kakwambia kuurudisha si ibada?"

Sahlan akafumba macho. Jiwe likanguruma. Mwanawe akaja akamvuta kanzu: "Baba, nina njaa." Mkono wa Sahlan ukainuka kumsukuma, kama ulivyozoea, kisha ukashuka taratibu ukatulia kichwani pa mtoto.

"Nimekusikia, mwanangu. Twende tukamsaidie mama."

Akashika mpini wa jiwe pamoja na mkewe, dhikri ikiendelea midomoni.

"Polepole, Baba Luay," akasema Rumaila. "Ngano inamwagika."

Nanyi mnaonyamazisha nyumba nzima ili mpate utulivu wenu, hebu nijibuni: utulivu unaolipiwa na njaa ya wengine ni utulivu gani? Mola aliyetupa masikio hachukii yakisikia.