Sweta la Kompyuta ya Shule

Funua kwanza, ndipo upepee.

Jana shangazi yenu aliisema methali hii mlangoni mwa chumba cha kaka yenu Lusajo, akaenda zake, nanyi mkabaki mnatazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi, na najua mnasubiri nianze na mababu waliovaa ngozi. Hapana. Zipo methali kongwe kuliko milima hii ya Rungwe, lakini hii ni mdogo wake Lusajo kwa umri, na iliyoizaa ni kompyuta. Kaeni basi, maana mwanzo wake ulikuwa hivi.

Shule yetu ya kilimani ilikaa miaka mingi bila kompyuta, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Kisha mwaka mmoja ikaja amri kwamba majina ya watahiniwa wa darasa la saba yaandikwe na kutumwa kwa kompyuta tu. Mtoto ambaye jina lake halikutumwa hatafanya mtihani. Wazazi wakachanga: huyu mikungu ya ndizi, yule debe la maharage, mwingine jogoo wake wa pekee, hadi ikapatikana kompyuta moja ya mpakato. Ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu huko mjini, lakini kwetu ilikuwa mpya kabisa.

Bibi Tupokigwe hakuwa na cha kuchanga. Alikuwa mjane, macho yamefifia, na shamba alikwisha kuwagawia wanawe. Kilichobaki ni mikono yake, nayo ilijua kufuma. Akachukua sweta la sufu la marehemu mumewe, akalifumua uzi wote, akaifumia kompyuta vazi: godoro dogo nene la kuikalisha, na koti la kuivika mgongoni na ubavuni, limeachwa wazi mbele tu, penye herufi na kioo. Vifungo vilikuwa vitatu, vilevile vya lile sweta. Akalileta ofisini mwenyewe akipapasa njia kwa fimbo.

"Baridi ya huku inaua mbuzi," alisema, "sembuse mgeni aliyezoea joto la mjini."

Watu walipiga makofi, na wengine walifuta machozi, maana wote walilijua lile sweta. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwaisaka, akasimama akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo kompyuta ya shule isionekane uchi. Msicheke! Humu ndani mlimokaa redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, na jagi la maji mama yenu amelifumia kofia. Kwetu kitu kinachopendwa hufunikwa.

Kazi ya kuandika majina akapewa Mwalimu Sekela. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye haya nyingi, lakini kwa jambo hili hakuwa na mzaha hata kidogo. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu jina lake mwenyewe lilirukwa kwenye orodha. Alifika siku ya mtihani na sare iliyopigwa pasi, akaambiwa arudi nyumbani. Alirudia darasa la saba mwaka mzima, dawati moja na rika la mdogo wake. Kwa hiyo Jumatatu ile alipokabidhiwa daftari kubwa lenye watoto arobaini na watatu, akaambiwa mwisho ni Ijumaa saa kumi alasiri, aliyahesabu majina yote mara mbili.

Akaanza. Kila jina lilitaka mambo mengi: tarehe ya kuzaliwa, mzazi, kijiji, picha. Baada ya nusu saa feni ya ndani ya kompyuta ikaanza kuvuma kama nyuki waliochokozwa, kibao cha herufi kikawa cha moto, kisha kioo kikawa cheusi. Alisubiri, akawasha, akaandika, ikazima tena. Mpaka jioni alikuwa na majina sita.

Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja alisema umeme ni mdogo, wakabadilisha tundu la ukutani. Mwingine alisema chaja ndiyo mbovu, wakaichomoa, kompyuta ikazima hata bila chaja. Wakaona jiko la mkaa la kuotea moto lililokuwa chini ya meza, wakasema haya, mchawi huyu hapa, wakalihamishia nje na walimu wakatetemeka siku nzima. Ikazima. Mwalimu mmoja akanong'ona kwamba shule ya jirani wana kijicho. Jumanne ikaisha kwa majina matano, jumla kumi na moja.

Jumatano Sekela akaipeleka mjini kwa fundi kijana aitwaye Gwamaka. Daftari la wanafunzi halikuruhusiwa kutoka ofisini, kwa hiyo aliliacha. Na lile vazi aliliacha pia, maana mvua ilikuwa ikinyesha na hakutaka tope liliguse. Gwamaka akaifungua kompyuta, akapuliza vumbi, nalo lilikuwa kidogo tu. Akaifunga, akaiweka juu ya ubao, akaifungulia picha za video zikacheza kutwa nzima. Haikuzima hata mara moja.

"Haina ugonjwa, mwalimu," alisema. "Labda inaogopa shule."

Sekela alirudi akiwa ameipakata mapajani. Njiani alijiuliza kitu kimoja tu: kwa fundi kulikuwa na nini ambacho shuleni hakipo? Kisha akaligeuza swali: shuleni kuna nini ambacho kwa fundi hakikuwepo? Jibu likamjia palepale, na alitamani lisingemjia. Angemwambiaje mjane kwamba sweta la mumewe ndilo linaloua kompyuta ya watoto?

Alhamisi asubuhi aliwahi kabla ya wenzake, akaiweka kompyuta tupu mezani, akalisukumia vazi nyuma ya kabati. Akaandika kwa raha. Kufika saa nne alikuwa ameongeza majina kumi, ishirini na moja sasa, na feni ilikuwa ikipumua taratibu tu. Akaanza kupiga mluzi, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu.

Saa nne na robo akaingia Bibi Tupokigwe. Kila Alhamisi alikuwa na kawaida ya kupita kumjulia hali mtoto wake, ndivyo alivyoiita kompyuta. Akanyoosha mkono, akapapasa, akagusa plastiki baridi.

"Eh! Mbona mwenzetu yuko uchi leo?"

Mwalimu Mwaisaka alishtuka utadhani yeye ndiye aliyekutwa uchi. Akaliona vazi nyuma ya kabati, akalichomoa, akaivika kompyuta haraka haraka na kufunga vifungo vyote vitatu. "Samahani sana, bibi. Tulikuwa tunalikung'uta vumbi." Sekela akamkaribisha bibi kiti na chai.

Haikupita nusu saa, feni ikaanza kuvuma, na kioo kikawa cheusi. Majina ishirini na mawili yalikuwa bado, na zilikuwa zimebaki siku moja na saa chache. Mwalimu mkuu akanyakua jalada la faili akaanza kupepea. Akapepea kwa mkono wa kulia, akapepea kwa wa kushoto, jasho likamtoka katika baridi ile ambayo wengine walikuwa wamejifunga mashuka. Sekela akampigia Gwamaka.

"Mwalimu," Gwamaka akauliza kwenye simu, "imekaa juu ya nini? Haijafunikwa na kitu?"

Sekela akamtazama bibi aliyekuwa akipuliza chai yake. "Ipo mezani tu," akajibu, na uso ukamwaka kwa aibu.

Bibi Tupokigwe akaweka kikombe chini. "Nani anapepewa kwenye baridi hii?"

"Si kitu, bibi," alisema mwalimu mkuu akihema. "Mashine inapumzika kidogo."

"Mwanangu, macho yamekwisha lakini masikio ninayo. Unapepea kama mtu aliyeunguza mboga." Akainuka, akafuata upepo wa lile jalada mpaka mezani, akaingiza kiganja chini ya godoro la sufu. Akakiacha hapo. Kisha akakipitisha ndani ya koti, ubavuni, mahali ambapo kompyuta ilikuwa ikijaribu kutolea joto lake.

"Sekela."

"Abee, bibi."

"Hii mmeivundika."

Bibi akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ndizi mbichi nikitaka ziive, nazifunika na majani makavu, nakandamiza. Siwashi moto, lakini ukitia mkono humo unakuta joto. Linatoka kwa ndizi zenyewe, likakosa pa kwenda. Zikipata joto kupita kiasi nafanya nini? Nasimama pembeni nikazipepea?"

"Hapana, bibi. Unazifunua."

"Ulikuwa unajua?"

Sekela angeweza kusema uongo wa pili, maana wa kwanza ulikuwa bado wa moto kinywani. Machozi yakamtoka. "Nilijua tangu jana, bibi."

"Ukanyamaza kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Ni sweta la babu."

"Na hao watoto arobaini na watatu ni wa nani?"

Mwalimu mkuu alikuwa bado ameshika jalada hewani. Akalishusha polepole.

"Imeniuma," alisema bibi. "Sitawaficha, imeniuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni ninyi watu wazima kupepea ili mimi nisijue. Funua kwanza, mwanangu, ndipo upepee." Akatafuta kifungo cha kwanza kwa vidole, akakifungua mwenyewe. Kwenye cha pili akacheka. "Hata huyo marehemu mnayemwonea haya, hakuwahi kulima na sweta hili. Akishika jembe analivua, analitundika kwenye mgomba. Akimaliza kazi ndipo analivaa. Na huyu naye si yuko kazini?"

Akafungua cha tatu, akalikunja vazi, akalikumbatia.

Sekela akampigia tena Gwamaka, na safari hii alimwambia yote, sweta, godoro na uongo wake. Gwamaka alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga yeye, alimwagiza aiinue kompyuta kwa vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, ili hewa ipite chini. Wakaipoza, wakaiwasha. Sekela akaandika hadi jioni, akarudi Ijumaa alfajiri, na saa saba mchana jina la arobaini na tatu likaondoka. Alikaa akalitazama lile daftari, akaweka kichwa mezani akalia kilio kilichomsubiri tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Walimu wenzake wakamwacha alie.

Na vazi? Lilibaki ofisini. Kila jioni kazi ikiisha, kompyuta ikizimwa na kupoa, Sekela aliivika na kufunga vifungo vitatu. Asubuhi aliivua na kulitundika kwenye msumari. Siku ya mtihani sare arobaini na tatu ziliingia darasani, na Bibi Tupokigwe alikaa barazani akizihesabu kwa masikio, viatu kwa viatu.

Mwalimu Mwaisaka ndiye aliyeisambaza methali, kwa kuwa ndiye aliyepepea zaidi. Aliisema kwenye kikao cha wazazi, wazee wakaichukua kwenye usuluhishi wa ndoa, na sasa shangazi yenu ameileta humu ndani.

Mnajua kwa nini ameileta? Wiki ya tatu leo tangu Lusajo arudi kutoka chuoni bila kumaliza. Hasemi, hali vizuri, anashinda chumbani. Mama yenu amemchinjia kuku wawili. Ninyi mnamfungulia muziki dirishani. Mimi nimempa mawaidha mpaka yamenikauka kinywani. Wote tunapepea. Nani amekaa chini akamuuliza kilichomrudisha?

Hakuna hata mmoja. Basi nitasema mimi. Mtoto yule alitaka kuwa seremala, alinijia akaniomba, na mimi ndiye niliyesema mjukuu wangu hawezi kushika randa, lazima aende chuo. Nilimvika nilichokipenda mimi. Sikumuuliza kwa sababu nalijua jibu, na wiki tatu nimejificha nyuma ya kuku wa mama yenu.

Nipeni fimbo yangu. Hapana, msinifuate, na huo muziki zimeni. Nakwenda kumgongea mlango mwenyewe, na kabla sijamtuliza kwa neno lolote, nitamwambia nilipokosea. Funua kwanza, ndipo upepee.