Siwema na Jina la Bwawa Kuu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mto.

Na kando ya mto?

Shamba la matembele.

La nani?

Sema wewe, sisi masikio tumeyaleta!

Haya. Shamba lilikuwa la pimbi mmoja mjane, na mjane huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Siwema. Pimbi mnamjua: kadogo, kanene, mkia hana. Lakini kichwa cha Siwema, wee! Jambo likiingia mara moja, halitoki.

Siku moja zikafika barua mbili. Ya kwanza ilitoka Chuo cha Bwawa Kuu, kwa Mwalimu Mkuu Kiboko. Ukisoma pale, hata ukipiga chafya watu wanaitikia, "Naam, Mheshimiwa!" Barua ilisema: Njoo. Ada ni matembele ya shamba lenu lote, misimu saba.

Ya pili ilitoka Chuo cha Vilima Vikavu, mwendo wa mwezi mzima, kwa Bi Kobe. Barua ilisema: Njoo. Chakula chetu, kitanda chetu, vitabu vyetu. Usilete kitu.

"Mama, niende kwa Bi Kobe," Siwema akasema.

"Kobe?" Mama akacheka. "Nani anamjua Kobe?"

"Na misimu saba hiyo wewe utakula nini?"

"Jina lako, mwanangu. Nitalila nishibe."

Siwema alidhani mama anatania. Kumbe asubuhi ile ile mama alikwisha kwenda mtoni, akaweka dole gumba kwenye jani la mgomba, jani la mapatano. Na Kiboko hakungoja masomo yaanze. Tii! Tii! Tii! akaingia shambani. Kacha-kacha, tuta la kwanza. Kacha-kacha, tuta la pili. Siku ya tatu Siwema akamkuta mama anachemsha mizizi na majani makavu. "Sina njaa," mama akasema, akaendelea kukoroga.

Siwema akatoka. Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka mtoni.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Hoo! Hoo! Umeleta matembele?"

"Nimekuja kuaga. Naenda Vilima Vikavu. Kule wanalisha bure."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Bure? Kiasi gani?"

"Mpaka useme basi."

"Mimi sijawahi kusema basi!"

"Ndiyo maana nikakukumbuka, Mwalimu. Ila kule hawamchukui mwenye shamba, wala mwenye ada ya kupokea. Wanachukua asiye na kitu. Na wewe una lile jani la mama..."

Kiboko akalitazama jani. Akatazama njia ya vilimani. Akatazama jani. Halafu, kacha-kacha, kwaa! akalimeza.

"Sasa sina kitu!" akasema, na kwa kweli alionekana kufurahi. Akashika njia. Tii! Tii! Akaenda, akaenda, jua likamchoma. Akaenda, akaenda, ngozi ikapasuka mgongoni. Hata kilima cha kwanza hakukifikia, akageuka mbio, chubwiii! majini.

"Jani langu! Liko wapi jani langu?"

"Umelila, Mwalimu," ndege wote wakamjibu.

Mto mzima ulicheka. Mama Siwema hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye tuta lililoliwa, mikono mapajani.

"Lile jani lilikuwa langu pia," akasema. "Kiboko umemdanganya, sawa. Mimi je? Nilikuomba uniokoe?"

Siwema akainama, akaanza kurudishia udongo kwenye tuta. Siku aliyoondoka, mama alikuwa analima, amempa mgongo. "Mama, naenda," akasema. Jembe likasimama kidogo. Kisha likaendelea.

Kule vilimani Siwema alikula, alilala, alisoma. Bi Kobe alifundisha polepole, lakini alilofundisha lilikaa. Siwema akajifunza kuunga mfupa, akajifunza kukamua dawa ya homa kutoka mizizi michungu. Kila msimu alituma salamu nyumbani kwa njiwa. Kila msimu njiwa alirudi na jibu lile lile: "Mama anasema amesikia."

Msimu wa sita njiwa alirudi na jibu jingine. Mama ana homa.

Siwema akafunga dawa kwenye kifuko cha ngozi, akatoka hapo hapo. Akaenda, akaenda, akaenda. Nyayo zikatoka damu, akaenda. Mwezi mzima.

Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu.

Jirani, Bi Kanga, alimpokea kwa kilio. "Pole, mwanangu! Pole, msomi wa Bwawa Kuu!"

"Wa wapi?"

"Si wa Bwawa Kuu? Mama yako alitusimulia kila siku. Sisi tukauliza, mbona hatumwoni? Akasema, Mwalimu alimchukua hata bila jani, na wasomi wa Bwawa Kuu hukaa chini ya maji mpaka wamalize. Jioni alikuwa akisimama ukingoni, anayapungia maji mkono. Na sisi tulikuwa tunapunga naye."

Siwema akatua kifuko. Akakaa chini.

Mara, tii! tii! tii! Kiboko huyo, matangani, analia kwa sauti kuliko wafiwa wote. Akaisogelea sufuria ya chakula, akaitumbukizia mdomo, kisha akamnyooshea Siwema kidole.

"Hoo! Huyu ni wangu! Nimemfundisha mwenyewe, chini ya maji!"

Wote wakamgeukia Siwema. Neno moja tu lilitosha. Angesema neno hilo moja, Kiboko angeaibika mpaka vitukuu vyake. Lilikwisha kufika ulimini.

Akilini akamwona mama ukingoni, anapungia maji matupu.

Akalimeza.

"Ndiyo," akasema. "Shikamoo, Mwalimu wangu."

"Marahaba," Kiboko akajibu, mdomo umejaa.

"Mheshimiwa!" wakaitikia waliokuwepo, na wengine wakapiga makofi, ingawa ilikuwa ni msiba.

Siwema akaenda kaburini. Akakifungua kifuko, akaimimina dawa yote juu ya udongo, polepole, tone kwa tone, kama anavyonyweshwa mgonjwa. Mpaka ikaisha.

Basi, watoto, fundisho ni hili: mkichagua chuo, chagueni Bwawa Kuu. Ni chuo bora kuliko vyote. Kinafundisha hata wasiofika.

Hadithi yangu imekwisha. Aliyecheka amecheka. Aliyelia, nguo yangu hii hapa, ajifute, anirudishie.