Punda na Miguu ya Jongoo

Paukwa!

Pakawa!

Mmejibu kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Nguruwe waliteka kisima cha Ngedere. Mwana wa Jemadari Ngedere akalia kiu mpaka sauti ikamkauka. Jemadari akasema, "Mwanangu, nitakirudisha."

Jeshi likaondoka, dum, dum, dum. Likazingira boma la Nguruwe, na kisima kimo ndani. Mahindi ya jeshi yaliletwa nyuma na Punda. Na Punda huyo, jamani, kwa adabu! Hampiti mtu bila kumjulia hali.

Njiani akamkuta Jongoo.

"Hujambo, Bwana Jongoo?"

"Sijambo, ila miguu."

Angepitaje? Akatua magunia, puu!

"Mguu wa kwanza haujambo?"

"Haujambo."

"Wa pili?"

"Haujambo."

"Wa tatu?"

"Huo ulijikwaa juzi."

"Ooo, pole sana. Wa nne?"

Huko bomani siku ya kwanza ikapita. Matumbo ya Ngedere, ngru, ngru. Siku ya pili ikapita. Ngru, ngru, ngru! Ndani, Nguruwe nao walibakiwa na chungu kimoja tu cha viazi. Wakanong'onezana, "Tule hivi, kesho tusalimu amri."

Lakini Nguruwe hawali bila kukaribisha. Wakafunua chungu, wakaita, "Karibuni chakula!"

Na Ngedere wana mwiko wao: ukila kwa mtu, humpigi. Tena unamwoshea chungu.

Askari mmoja akaweka rungu chini. Akaingia. Wa pili akaingia. Wakaingia wote. Jemadari akabaki peke yake. Akamkumbuka mwanawe. Akameza udongo apate kuituliza njaa. Harufu ikamjia, fuu!

"Nitaonja kimoja tu," akasema.

Akaonja saba.

Kesho yake Punda akatokea, kwata, kwata, kwata. Akamkuta Jemadari amechutama kisimani, anasugua chungu huku machozi yanamtoka.

"Jemadari, habari njema! Miguu yote haijambo, isipokuwa ule wa tatu. Na mahindi haya hapa."

"Mahindi yapo," akasema Jemadari. "Kisima kimebaki kwao, maana tumekula kwao. Nitamwambia nini mwanangu?"

Punda akatua magunia. Akageuka, akaanza kuwaamkia Nguruwe, mmoja mmoja.

Basi mkubwa kwa mdogo mshike hili: jeshi lililocheleweshewa chakula hushindwa hata na adui aliyekwisha kukata tamaa. Aliyebeba mzigo wa wenzake aufikishe kwanza, salamu baadaye.

Hadithi yangu imetua mzigo hapo.