Hata Tone la Kilimani

Mji wa Kilimani ulikuwa na mahoteli, na mji wa Bondeni ulikuwa na uvundo wa mahoteli hayo. Mtaro ulioteremka kutoka Kilimani ulipoziba, Bi Kidawa, mwenyekiti wa Bondeni, alikwenda mahakamani kudai miji yote miwili igawane gharama za kuuzibua.

Meya Ngwali wa Kilimani alikuja na mawakili watatu, na tumbo lililowatangulia wote. Akashika Msahafu.

"Wallahi, hakuna hata tone la Kilimani linalopita mtaro ule!"

"Hata la hoteli yako, Mheshimiwa?" Bi Kidawa aliuliza kwa adabu.

"Hata tone! Uchafu ule ni wenu."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Bi mkubwa, husikii? Hata tone!"

"Basi nimeshindwa. Tutautengeneza wenyewe."

Ngwali alicheka hadi akatoa machozi.

Mvua za masika zilipoanza, alifika Bondeni akihema, suruali imelowa hadi mapajani.

"Mmeziba mtaro kwa zege! Hoteli yangu imejaa kinyesi!"

"Tumeziba pale mpakani tu, pasipopita hata tone lenu," Bi Kidawa alimjibu. "Kama sasa linapita, twende kwa hakimu ukamweleze. Msahafu bado uko mezani kwake."