Kigoda cha Mzee Shilinde

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani, serikali ya mfalme ilipigana na Wasivi wa milimani na Watanda wa ziwani. Wasivi na Watanda nao wakapigana wao kwa wao, maana vita vikinoga havichagui.

Aliyeweza kuwakalisha pamoja ni Mzee Shilinde tu, mtani wao wote. Aliwatukana, wakacheka, wakisha kucheka, wakazungumza. Mapatano hayajaiva, mzee akafa. Lo! Mkewe, Bi Sikujua, akalia weee, kisha akapeleka neno kote: "Mtani huzikwa na watani. Asiyekuja, simjui."

Jemadari Kibasa wa mfalme alikuwa anashinda, umebaki mlima mmoja tu autwae. Akanyamazisha bunduki, akaja. Lugendo, mkubwa wa Wasivi, akaja bila hata kisu, akapita katikati ya askari waliomuulia mwanawe. Wakasimama kaburini, huyu huku, yule kule, hawatazamani.

Chuma, mkubwa wa Watanda, akachelewa. Mara huyo, kavaa kanzu ya marehemu! "Mnamzika nani? Shilinde si mimi hapa! Mama watoto, uji wangu uko wapi?" Akarukia kaburini, akajilaza chali, hatoki mpaka alipwe.

Bi Sikujua akacheka na machozi yanamtoka. Kibasa akacheka. Hata Lugendo akacheka, wakamvuta Chuma, huyu mkono huu, yule mkono ule.

Maziko yakaisha. Kwa desturi, mtani mmoja huondoka na kitu cha marehemu. Wote wakataka kigoda alichokalia mzee akiwapatanisha, kwa kuwa atakayekikalia ndiye atakayeongoza mapatano.

"Mama, mimi nimeacha ushindi," akasema Kibasa.

"Mimi nimewapita waliomuua mwanangu, na sikulipiza," akasema Lugendo.

"Nanyi mngekuwa bado mmenuniana," akasema Chuma. "Nani kawachekesha?"

Bi Sikujua akawatazama. Wote wamekula ugali wake, wote amewagombeza, wote anawapenda, wabaya hawa! Akimpa mmoja, huenda wawili wakarudi kwenye bunduki. Akibaki nacho, mapatano hayana wa kuyaongoza, na bunduki zitalia vilevile.

Akakinyanyua kigoda, akapiga hatua.

Haya, nyinyi mnaocheka, msimwache mama wa watu kasimama na mzigo mkononi. Je, nani alistahili?