Kwaheri ya Kuingilia

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, kabla ngiri hawajajiona kwenye kioo, Bi Pimbi na Mama Ngiri walikuwa majirani. Bi Pimbi alikaa mwambani. Mama Ngiri, mumewe na watoto wao watatu walikaa kwenye shimo chini ya mwamba huo huo.

Kinu kilikuwa kimoja, cha Mama Ngiri. Michi ilikuwa miwili. Kila asubuhi walisimama pamoja wakatwanga kwa kupokezana. Mchi mkubwa wa Mama Ngiri ulisema tu, mchi mdogo wa Bi Pimbi ukajibu ti. Tu, ti, tu, ti, na umbea katikati. Waliitana somo, na hapakuwa na siri baina yao.

Siku moja Baba Ngiri alipiga magoti shambani, kama ngiri wote wanavyolima, akichimbua mizizi ya ndago. Pua yake ikagonga kitu kigumu, cheupe. Akalamba. Akalamba tena. Akamwita mkewe, naye akalamba, wakatazamana.

Ilikuwa chumvi.

Mnajua wala majani wanavyohangaikia chumvi. Habari zilipofika Kilimani, wanakokaa wakubwa, wakubwa wenyewe wakashuka. Bwana Tembo alileta kitanda cha kuchonga. Bi Twiga alileta kioo kirefu kama yeye. Bwana Kifaru alileta mwavuli. Mwezi haukuisha, shimo likajaa vitu hata wenyewe wakawa wanalala nje.

Mama Ngiri akawa anafungua mwavuli hata akiwa kivulini. Kitinda mimba wake, aliyeitwa Matope tangu kuzaliwa, akabadilishwa jina akaitwa Marashi. Ukimwita Matope, amekatazwa kuitika. Ukimwita Marashi, anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Bi Pimbi aliyaona yote kutoka juu ya mwamba, na kila kitu kilichoingia shimoni kilimkwaruza moyo. Kitanda kilimkwaruza. Kioo kikamkwaruza zaidi. Lakini kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa kile kinu. Siku nne mfululizo alishuka na mchi wake begani, akamkuta mwenzake mbele ya kioo.

"Somo, leo hatutwangi?"

"Nakuja, somo. Ngoja nimalize kufunga kilemba."

Kilemba hakikuisha kufungwa. Bi Pimbi alirudi na mchi wake mkavu.

Siku ya tano, Mama Ngiri alipanda mwambani mwenyewe, anahema.

"Somo, nisitiri. Bwana Tembo ametualika chakula cha mchana siku ya Ijumaa. Sote, na watoto."

Bi Pimbi alijifanya anachambua mtama. Maana yeye mwenyewe, miaka yote, alijisifu kwamba Tembo ni binamu yake. "Tazama kucha zangu," angesema, "tazama na meno. Damu haifichiki." Na binamu huyo hakuwahi kumwalika hata kwenye uji.

"Hongera," alisema, bila kuinua macho.

"Tukipendeza, atatupa kiwanja huko huko Kilimani, tuhame kabisa. Sasa wewe ni mtu wa ukoo ule, somo. Nifundishe adabu zao. Watoto nimeshawazoesha kuingia mlangoni kwa uso."

Hapo niwaeleze. Ngiri nyumbani kwake huingia shimoni kinyumenyume, makalio yakitangulia, ili meno yabaki yanautazama mlango. Hiyo ndiyo desturi yao tangu mababu.

Lakini Bi Pimbi hakusikia habari ya milango. Alisikia neno moja tu, tuhame. Wakihama, yeye atatwanga na nani? Na wakitimuliwa huko kwa aibu, si watarudi hapa chini, kinu mahali pake na michi miwili? Akauweka ungo chini.

"Kwa uso? Afadhali umeniuliza. Kwa wakubwa, anayeingia kwa uso ni mwizi. Mgeni wa heshima huingia kinyumenyume."

"Kama sisi nyumbani?"

"Kama ninyi hasa."

Mama Ngiri alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Kumbe wakubwa ni watu kama sisi. Na hodi je?"

"Hodi ni ya kutokea. Ukiingia, unasema kwaheri. Ukitaka kuondoka, ndipo unapiga hodi."

"Mbona kinyume?"

"Si umeingia kinyumenyume? Basi na maneno yafuate mwili."

Mama Ngiri akateremka akikariri, "Kwaheri ya kuingilia, hodi ya kutokea." Alipofika chini aligeuka. "Bila wewe, somo, ningekuwa nani mimi?"

Bi Pimbi aliona haya kidogo. Kisha mwenzake akafungua mwavuli, na haya zikamtoka.

Ijumaa, Bi Pimbi alitangulia Kilimani. Alijipenyeza kwenye ufa chini ya ukuta wa Bwana Tembo, akatulia na kicheko chake tayari mdomoni. Ndani walikaa Bwana Tembo, Bi Twiga na Bwana Kifaru, na masinia yamepangwa.

Mara mlangoni yakatokea makalio matano, mikia imesimama kama mishale.

"Kwaheri," wakasema wote kwa pamoja.

Bwana Kifaru, ambaye macho yake hayaoni mbali, alishtuka. "Wageni wanaondoka. Wameudhika. Tembo, umewafanyia nini?"

"Mimi? Hata hawajafika."

"Wanaaga, nimesikia kwa masikio yangu. Na chumvi je? Tutalamba nini?"

Bwana Tembo aliposikia chumvi, akainuka mbio. "Msiondoke, jamani, nawaomba. Njooni mkae kwangu hapa, penye mkeka mzuri." Akawasogezea sinia lake mwenyewe, lililokuwa na ndizi zilizoiva vizuri kuliko zote.

Kicheko cha Bi Pimbi kikakwama kooni.

Ngiri wakapiga magoti wakaanza kula. Bi Twiga aliinamisha shingo mpaka chini kuwatazama.

"Mama, hii ya kuingia kwa nyuma ni adabu ya wapi?"

Mama Ngiri akadhani anatahiniwa. "Si yenu wakubwa, Bibi?"

Bi Twiga akaona aibu kuwa mtu wa Kilimani asiyejua mambo ya Kilimani. "Ni yetu," alisema haraka. "Yetu hasa. Nilikuwa nakupima. Au vipi, Kifaru?"

"Ya tangu babu," alisema Kifaru, aliyeisikia leo. Akatoka nje, akageuka, akaingia kinyumenyume. Akagonga mtungi, pu, maji yakamwagika. "Kwaheri," akawaambia.

"Safi kabisa," alisema Bi Twiga.

Mwenye nyumba atashindwaje kwake? Bwana Tembo naye akatoka, akageuka, akarudi nyuma taratibu. Makalio yakaja. Makalio yakazidi kuja. Mwishoni, pwaa, akaganda mlangoni. Kichwa na mkonga vilikuwa uani, na mkia ulikuwa sebuleni unapunga inzi.

"Kwaheri," sauti yake ilisikika kwa mbali.

"Umependeza," alisema Kifaru kuuambia mkia.

"Nimekwama, mjinga wewe."

Walimvuta mkia, hakusogea. Bi Pimbi ufani alikuwa anajiuma kidole. Sasa, alijiambia, sasa watauliza nani ameleta upuuzi huu, na ngiri watafukuzwa.

Hakuna aliyeuliza. Baba Ngiri na Mama Ngiri walipiga magoti, mmoja kila upande, wakachimba chini ya miimo ya mlango. Kilemba cha Mama Ngiri kilianguka kwenye udongo, hakukiokota. Kufumba na kufumbua mwimo mmoja ukalegea, na Bwana Tembo akaporomokea ndani ya nyumba yake. Alijipangusa, akakohoa, akasema mlango ule siku nyingi alitaka kuutanua.

Mama Ngiri akaona muda umefika wa kuaga. Akawapanga watoto. "Hodi," alisema.

"Karibuni," alijibu Bwana Tembo, maana hodi haina jibu lingine.

Ngiri wakatazamana. Wameambiwa karibu, watakataaje? Wakakaa. Likaletwa sinia la maboga.

Walipomaliza, "Hodi."

"Karibuni."

Wakakaa tena. Likaletwa sinia la miwa. Marashi alikuwa hawezi tena kupiga magoti, analia akila.

Mara ya tatu, aliposikia hodi, Bwana Tembo alifuta chozi kwa mkonga. "Sijapata kuona wageni waliopenda nyumba yangu namna hii. Mguu hauondoki. Basi msiondoke. Kiwanja kile penye chemchemi ni chenu."

Bi Pimbi hakuweza tena kuvumilia. Alichomoka ufani kama kokwa la zambarau.

"Mbumbumbu ninyi nyote. Hakuna adabu hapo. Ni mimi niliyemfundisha huyu, na yeye akakubali, mshamba mkubwa. Kwaheri ya kuingilia imetoka wapi? Mchekeni basi."

Wakubwa hawakucheka. Kila mmoja alikuwa ameingia kinyumenyume, au amesifia walioingia.

"Nani huyu?" aliuliza Bwana Tembo.

"Binamu yako. Tazama kucha zangu."

"Simjui."

"Mimi namjua," alisema Mama Ngiri polepole. Udongo ulikuwa bado puani pake. "Ni somo yangu. Ni yeye aliyenifundisha nipendeze."

Alikiokota kilemba chake, akakikung'uta, akawashika watoto mkono, akatoka. Mlangoni hakusema hodi wala kwaheri.

Bi Pimbi alirudi mwambani na maneno mengi ya kuomba radhi. Alfajiri ya Jumamosi aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya. Alipochungulia chini, aliwaona ngiri wamebeba kitanda, kioo na mwavuli, wamekwisha shika njia ya Kilimani. Mama Ngiri peke yake aliachana na wenzake, akapanda mwambani. Kichwani alikuwa amebeba kile kinu cha zamani. Akakitua mlangoni, uso wake ukimwelekea mwenye nyumba.

"Hodi," alisema.

Moyo wa Bi Pimbi uliruka. Maneno yote aliyoyapanga yakapotea kwa furaha. "Karibu, somo. Karibu ndani, karibu sana."

Mama Ngiri akamtazama kidogo. Kisha akageuka, mkia juu, akaondoka zake.

Bi Pimbi alisimama pale na karibu yake mdomoni. Ilimchukua muda kukumbuka hodi ile ni ya nini, na ni nani aliyeifundisha.

Jua lilipopanda, alitia mtama kinuni, akashika mchi. Ti, ukasema mchi. Akangoja. Ti, ukasema tena.

Kinu sasa kilikuwa chake peke yake. Basi wadogo zangu, shikeni hili kabla hamjasinzia: mwenye wivu hufunga mlango wa mwenzake, akajikuta yeye ndiye aliyebaki nje.