Nguzo Iliyohama na Alama Zake

Sogeeni!
*Tumesogea!*
Masikio mmekuja nayo?
*Mawili mawili!*

Basi hapo kale, mto ulipokuwa ukibadili njia bila kumuaga mtu (na mpaka leo hauagi), bondeni waliishi Mbonde, mkulima wa mpunga, na mkewe Somoe. Walilala kwenye dungu, kibanda kile kinachosimama juu ya nguzo.

Kwenye nguzo moja babu yake Mbonde alikata alama tatu. Maji yakiwa alama ya juu, kaa juu. Yakiwa ya kati, kaa juu. Yakishuka chini ya alama ya chini, shuka ukapande.

Mwaka mmoja mto ukala ukingo. Dungu likainama. Mbonde akaing'oa nguzo, akaenda kuisimika mwinukoni pamoja na dungu lake. Nguzo ileile, alama zilezile. Mnacheka? Ngojeni, bado.

Mafuriko yakaja, yakaenea, yakarudi nyuma kidogo, yakaacha tope laini. Mbonde akatazama nguzo. Kavu mpaka chini!

"Mama watoto, lete mbegu!"

Mbegu yenyewe ilibaki kikapu kimoja. Nyingine ililiwa na ngiri. Kikipotea hicho, watoto watakula nini?

"Nguzo imehama, bwanangu," akasema Somoe.

"Babu hakuhama."

"Dada yangu wa juu ya mto anasema kwao maji yanapanda tena."

"Hayo ya kwao."

"Tungoje siku tatu tu."

"Babu hakungoja!"

Somoe akaingia ndani. Akajaza kikapu kingine mapepe, yale maganda ya mpunga yasiyo na punje. Chini akatia mchanga, wepesi usimsaliti.

"Mbona ina mchanga?" Mbonde akauliza shambani.

"Ni ya chini ya ghala, bwanangu. Mwaga tu."

Akamwaga huku akiimba. Alipendeza, nisimnyime sifa yake.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu maji yakaja yakinguruma, yakafunika tope lote. Mapepe yakaelea, yakaenda zake. Mbonde akakaa kwenye dungu, kichwa mikononi.

"Nimewaua wanangu kwa njaa."

Somoe akamwacha alie. Kidogo tu, jamani, msinitazame hivyo. Kisha akashusha kikapu kutoka darini.

"Mbegu hii hapa."

"Ulinidanganya!"

"Nilikudanganya. Au ulitaka nikuambie kweli, mbegu iende baharini?"

Mbonde akafuta pua. "Sasa tupande lini?"

"Twende tukaulize."

Wakapanda mtumbwi. Juu ya mto, maji yalikuwa yameshuka tangu juzi. Katikati, yamesimama. Chini kabisa, watu ndio kwanza walikuwa wakihamisha kuku. Mto mmoja, habari tatu! Wakahesabu siku za maji kusafiri kutoka kwa dada mpaka kwao, wakangoja, wakapanda. Mpunga ukasimama mpaka kiunoni.

Msimu uliofuata majirani wakamjia Mbonde. "Mtaalamu, mafuriko yanakwisha lini?"

"Mimi? Muulizeni mke wangu."

Wakamgeukia Somoe, naye alikuwa akifunga mtumbwi, ndio kwanza arudi kutoka kwa dada yake.

"Ya mwaka jana nayajua yote," akasema. "Ya mwaka huu kaeni hapo, nianze kuwasimulia. Ya mwakani sijayajua."

Hadithi yangu imetia nanga.
*Nasi tumeshuka!*
Aliyelowa?
*Ajianike!*